Mabango dhidi ya uraibu wa simu: tukiacha pingu, minyororo na fuvu, tuchore nini?

nukta_nyekundu

Wadau, salaam. Kuna kazi ya mabango matatu ya kuwazindua vijana wa miaka 15 hadi 20 kuhusu uraibu wa simu. Yatabandikwa maktaba, kwenye korido ndefu ya kuelekea madarasani, na bwenini. Ukubwa uliopendekezwa ni A2, na matoleo ya mitandaoni yanatakiwa pia. Rasimu zilizopo:

1. Mkono umefungwa pingu, na pingu zenyewe ni waya wa chaja. Kauli: "Usiwe mtumwa wa simu."
2. Kijana ameinama gizani, usoni mwanga wa buluu. Kauli: "Vijana wengi wamepotea. Wewe je?"
3. Fuvu ambalo ubongo wake umegeuka aikoni za programu. Kauli: "Uraibu wa simu ni ugonjwa."

Zote zimechorwa kwenye ukurasa wa pikseli 1080 × 1350, RGB (rangi za mwanga wa kioo). Waliooneshwa wanasema "nzuri", halafu wanarudi kwenye simu zao. Tatizo ni picha, maneno au mahali? Faili hizi zinaweza kukuzwa zifike A2? Na msimbo wa QR uwekwe, au ni kujichanganya wenyewe?

rula_na_penseli

Mkuu, uchoraji hauna ubaya. Ubaya ni kwamba mabango yote matatu yanamwambia mtu yeye ni nani (mtumwa, aliyepotea, mgonjwa) na hakuna hata moja linalomwambia afanye nini palepale aliposimama. Kijana akijitazama haoni mtumwa, anaona mtu anayemjibu rafiki yake. Kwa hiyo bango analigawia jirani: hili linamhusu fulani.

Pingu na fuvu zina kasoro nyingine. Jicho linazipa jina kufumba na kufumbua, "aa, uraibu", na likishazipa jina halina sababu ya kubaki. Picha inayolishika jicho ni ile inayohitaji sekunde moja zaidi ili ieleweke. Moja, zisiwe tano.

Kuhusu kutisha: mwaka 1992 mtafiti wa mawasiliano Kim Witte alichapisha maelezo ambayo watu wa kampeni za afya wanayatumia hadi leo. Mtu akitishwa hupima mambo mawili, ukubwa wa hatari na uwezo wake wa kuikwepa. Akiona hatari ni kubwa na uwezo hana, anaiacha hatari na kuikwepa hofu yenyewe: anacheka, anakejeli, anageuza uso. Kwa hiyo kama ni lazima utishe, hatua ya kuchukua ipewe ukubwa uleule wa tishio kwenye karatasi. Ukiiweka kwa herufi ndogo chini ya nembo, ni sawa na kutoiweka.

Bango la pili liondoe kabisa. "Vijana wengi wamepotea" kwa msomaji maana yake ni "hivi ndivyo watu wanavyoishi". Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walilipima jambo hili katika hifadhi ya Petrified Forest, Marekani, ambako wageni huiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Palipowekwa kibao cha kusema wageni wengi waliotangulia wamechukua vipande, karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotiwa alama viliibwa. Palipowekwa kibao kilichoomba tu watu wasichukue, wizi ulikuwa chini ya asilimia 2. Ukitangaza kwamba kosa ni la wengi, umelihalalisha.

La tatu lina tatizo la ukweli. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, inatambua tatizo la michezo ya kidijitali. "Uraibu wa simu" kama ugonjwa unaojitegemea haumo. Akitokea muuguzi mmoja akalipinga bango mbele ya vijana, kampeni nzima imepwaya. Andika "mazoea", au bora zaidi, taja tendo lenyewe: kuishika kabla ya kunawa uso, kuifungua katikati ya aya.

Basi tuchore nini? Chora mtego, usimchore aliyenaswa. Kijana hapendi kuaibishwa, lakini anapenda sana kuoneshwa alivyochezewa. Na mitego ya simu inachoreka vizuri:

Nukta nyekundu yenye namba. Ni duara, rangi moja, hakuna picha rahisi kuliko hiyo, na kila mtu anaitambua bila nembo ya kampuni yoyote.

Ukurasa usio na mwisho. Mbunifu wa programu Aza Raskin aliubuni mwaka 2006, na baadaye amesema hadharani kwamba anajutia. Kabla ya hapo ukurasa ulikuwa na mwisho na ilibidi ubonyeze ili uendelee. Pale palikuwa na pumzi moja ya kujiuliza, na pumzi hiyo ndiyo iliyoondolewa.

Kuvuta chini ili kupata mapya. Kitendo hiki alikianzisha Loren Brichter katika Tweetie, programu ya kusomea Twitter. Unavuta, unangoja, hujui kitakachotoka. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alishaonesha kwa wanyama kwamba zawadi isiyotabirika hujenga tabia ngumu kufa, na mashine za kamari zinakula humohumo.

Sasa gawa kwa mahali, maana bango moja halihami vizuri kutoka maktaba kwenda bwenini.

Maktaba: acha ukuta. Simu iko mezani, sentimita 40 kutoka machoni. Ukuta uko mita nne. Tengeneza kadi za kusimama mezani. Kadi iwe nyeupe au kijivu, na nukta moja nyekundu ambayo ndani yake, badala ya namba, mna swali: "Kuna aliyekupigia?" Chini yake hatua moja: "Igeuze kifudifudi. Au iweke begini hadi umalize ukurasa huu." Hatua iwe ndogo hadi mtu aone aibu kuikataa.

Korido: ukurasa usio na mwisho, kwa miguu. Paneli 8 za A2, kila moja mita 2 kutoka mwenzake, zote zinafanana: mstatili wa picha wa kijivu, duara la picha ya mtumiaji, mistari miwili ya kijivu mahali pa maandishi. Paneli saba hazina neno hata moja. Ya nane: "Mwisho. Kwenye simu usingeufikia." Umbali wote ni mita 14, kama sekunde 10 za kutembea. Paneli ya tatu mtu anaanza kuchoka, na uchovu huo ndio ujumbe. Watakaosema "mbona hizi hazina kitu" usiwasikilize wakakulazimisha kuweka kauli kwenye kila paneli. Ukifanya hivyo umeua wazo.

Bweni: hapa bango la ukutani karibu halina kazi, kwa sababu taa ikizimwa halionekani, na saa yenyewe ya hatari ndiyo hiyo. Wengi hulala na simu kwa kisingizio halali kabisa: kengele ya kuamkia. Kwa hiyo toa kitu cha kutumia: mfuko wa karatasi ngumu wa kutundika ukutani au mlangoni, umeandikwa "Simu inalala hapa", na hatua tatu: tega kengele, ongeza sauti, iweke hatua tano kutoka kitandani. Kengele ikilia inabidi uamke kuizima, ambayo ndiyo maana ya kengele tangu mwanzo.

wino_haujakauka

Naingia upande wa uchapaji. Jibu fupi kuhusu faili: hapana, haikuzwi.

Ukurasa wa 1080 × 1350 una uwiano wa 4:5. A2 ni milimita 420 × 594, uwiano mwembamba zaidi. Ukiujaza A2 kwa urefu, utapoteza kama pikseli 63 kila upande, na kinachobaki kitachapwa kwa pikseli 58 tu kwa inchi. Kingo za herufi zitaota ngazi. Kilichochorwa kwa vekta (mistari inayokuzwa bila kuharibika) kichukue hivyohivyo, hakina shida. Picha za pikseli zianze upya.

Vipimo vya A2: weka ziada ya kukatwa ya mm 3 kila upande, yaani ukurasa wa 426 × 600. Kwa kusomwa karibu, pikseli 300 kwa inchi, sawa na 5031 × 7087. Kwa paneli za korido zinazotazamwa kutoka mita moja na kuendelea, 150 inatosha: 2516 × 3543, na faili linakuwa robo ya ukubwa. Maandishi na nukta visisogee ndani ya mm 10 kutoka ukingo, kisu cha kukatia huhama.

Rangi. Mada hii ina mtego wake: kila mbunifu anataka mwanga wa kioo cha simu, ule wa buluu unaowaka, na karatasi haiwaki. Buluu safi ya RGB (0, 0, 255) ikigeuzwa CMYK (wino nne za uchapaji: sayani C, majenta M, manjano Y, nyeusi K, kila moja kwa asilimia) inatoka zambarau iliyofifia. Kanuni ya mafundi: majenta ibaki chini ya sayani kwa angalau pointi 30. C100 M60 inabaki buluu. C100 M90 tayari ni zambarau. Na mwanga uonekane kwa kulinganisha: usitafute buluu kali zaidi, tia giza kinachouzunguka.

Nukta nyekundu: ile #FF3B30 ya kwenye vioo iweke C0 M95 Y90 K0. Na angalia maandishi meupe juu yake. Uwiano wake wa kutofautiana na nyeupe ni kama 3.5 kwa 1. Miongozo ya WCAG (ya ufikivu wa tovuti) inataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa, na makubwa ni kuanzia pointi 18, au 14 zilizokolezwa. Kwa hiyo swali la ndani ya nukta likae pointi 18 kwenda juu. Ukitaka herufi ndogo humo, ziwe nyeusi, hapo unapata karibu 6 kwa 1.

Rasimu ya pili yenye giza tupu ingekutesa mashineni hata kama maneno yangekuwa mazuri. K100 peke yake kwenye eneo kubwa inatoka kijivu cha mkaa. Nyeusi ya kushiba ni C60 M40 Y40 K100, jumla 240, chini ya kikomo cha 300 ambacho wachapaji wengi hukubali kwa karatasi laini (uliza wako kwanza). Lakini karatasi iliyojaa wino hivyo huchelewa kukauka, hugandia karatasi ya juu yake, na kila kidole kinachoigusa kinaacha alama. Maandishi madogo meupe juu ya nyeusi ya rangi nne huzibwa pale sahani za uchapaji zikihama hata sehemu ya milimita. Usishuke chini ya pointi 8 nene. Maandishi madogo meusi, kinyume chake, yawe K100 tupu.

Kwa hiyo wazo la mwenzangu hapo juu la kijivu na nukta moja ni zuri hata kwa mashine. Wino kidogo, makosa machache.

Ukubwa wa herufi: kwa kila mita 3 za umbali, herufi kubwa iwe na kimo cha mm 25 ili isomeke bila kukaza macho. Katika fonti nyingi kimo cha herufi kubwa ni kama asilimia 70 ya saizi yake, hivyo mm 25 ni takriban pointi 100. Watu hukosea hapa kwa sababu wanatazama bango kwenye kompyuta likiwa limepunguzwa, pointi 40 inaonekana kubwa. Chapa kipande kimoja kwenye A4 kwa ukubwa halisi, kibandike, rudi nyuma mita 3.

Mfuko wa simu wa bwenini unaingia kwenye A4 moja. Karatasi ya gramu 300. Mgongo mm 100 × 160, kitako 15, uso wa mbele 100 × 110: jumla ya kimo 285. Kila upande wa uso wa mbele, ubavu wa 15 na ulimi wa gundi wa 12: jumla ya upana 154. Simu kubwa yenye kava ina upana wa mm 80 hadi 88, inaingia bila kukwama na sehemu ya juu inabaki nje ya kushikia. Tundu la kutundikia mm 6, liwe mm 15 kutoka ukingo wa juu, likiukaribia ukingo zaidi ya hapo linachanika kwa uzito. Mistari yote ya mkunjo ikwaruzwe kwanza kwa kitu butu. Ukikunja gramu 300 bila kukwaruza, wino unapasuka na mstari mweupe unajitokeza. Uelekeo wa nyuzi za karatasi uende sambamba na mikunjo mirefu ya ubavuni.

Kadi za mezani: kata A4 katikati kwa urefu upate 105 × 297, kisha mikunjo: uso 130, kitako 30, uso 130, ulimi wa gundi 7. Bila kitako inateleza na kulala, na kadi iliyolala ni uchafu.

Programu: Inkscape inafaa kwa kuchora vekta ila inafanya kazi kwa RGB, chora humo, panga ndani ya Scribus na utoe PDF/X (PDF ya wachapaji) kutoka hapo. Illustrator inakupeleka moja kwa moja. Canva ni sawa kwa matoleo ya mitandaoni, ila ukitoa faili la kuchapa humo hakikisha rangi kwa sampuli moja ya karatasi kabla ya nakala mia.

Na nyongeza: ukipiga picha halisi ya simu, usiitegemee picha ya kioo chake. Gridi ya kioo ikigongana na gridi ya kamera inazaa mistari ya mawimbi. Piga simu ikiwa imezimwa, kisha pachika kioo ulichokichora. Kichore mwenyewe chenye aikoni za kubuni. Nembo za programu ni mali ya wenyewe. Hata fonti ya San Francisco ya Apple leseni yake hairuhusu kuitumia kwenye mabango. Fonti ya Inter inafanana nayo vya kutosha na ni huru.

silabi

Nyote mmesema vizuri, lakini maneno mnayashughulikia kama pambo. "Usiwe mtumwa wa simu" ni kauli iliyotafsiriwa, ina harufu ya semina. Kiswahili kina kitu ambacho mbunifu anapaswa kukichangamkia: kitenzi kimoja kinabeba sentensi nzima, mtenda na mtendwa humohumo. Mtenda na mtendwa wakibadilishana nafasi, maana inapinduka:

UMEISHIKA
AU IMEKUSHIKA?

Hapo hakuna mtumwa, hakuna pingu, na mkono uleule wa rasimu ya kwanza unaweza kubaki: mkono na simu tu, bila waya. Kijana anaisoma mara mbili kwa sababu ya mchezo wa "i" na "ku". Hiyo ndiyo sekunde moja ya ziada aliyoitaja rula_na_penseli.

Kwa kadi ya maktaba, "Kuna aliyekupigia?" ni ndefu kwa nukta. Weka neno moja:

HAIJAITA.

Na nukta ya mwisho iwe ndiyo ile nukta nyekundu. Mtu ameinua simu ambayo haijaita, anakutana na neno hilo. Halimtukani, linamwambia tu kilichotokea. Na kwa kuwa nukta sasa haina maandishi ndani, ile hesabu ya 3.5 kwa 1 inajifia yenyewe.

Ila urefu wa maneno una gharama. "Usingeufikia" au "utakapoitumia" kwenye nguzo nyembamba yanavunjika vibaya, na programu zisizojua Kiswahili huyakata kwa kanuni za Kiingereza. Zima ukataji wa kiotomatiki. Ukilazimika kukata, kata kwenye mwisho wa silabi, yaani baada ya irabu: u-si-nge-u-fi-ki-a. Usitenganishe ng, ny, mb wala ng'. Kichwa cha bango kisikatwe kabisa. Punguza saizi au badili neno. Usinyooshe wala kubana herufi ili neno litoshe, inaonekana hata kwa asiyejua fonti ni nini. Na katika ng' weka ritifaa iliyopinda ya fonti yenyewe. Kile kijiti kilichonyooka kwenye herufi za sentimita 4 kinaonekana kama uchafu.

Kauli ziwe za umoja. "Tuache simu" ni hotuba. "Igeuze" ni mtu anayekunong'oneza.

nukta_nyekundu

Shukrani sana. "Haijaita" nimeichukua. Bado QR na matoleo ya mitandaoni.

kona_ya_kulia

QR: bwenini na maktaba hapana. Unamwambia aiweke chini kisha unamwomba aiinue, na akishaifungua kamera, arifa tatu zinamsubiri juu ya kioo. Mwishoni mwa korido sawa, kwa sababu pale simu iko mkononi tayari, na mtu aliyekwishasoma paneli ya nane anaweza kutaka hatua inayofuata.

Ukiweka, iwe hivi. Anwani fupi, herufi zisizozidi 26, ili msimbo ubaki wa miraba 25 × 25 kwa kiwango cha M cha kusahihisha makosa (kinavumilia uharibifu wa karibu asilimia 15). Kwa kusomwa kutoka sentimita 60, upana uwe mm 60, ndiyo kanuni ya moja kwa kumi. Pembezoni acha weupe wa miraba minne, karibu mm 10. Usiugeuze ukawa mweupe juu ya weusi, baadhi ya simu hazisomi. Na ukurasa unaofunguka uwe na jambo moja tu: jinsi ya kugeuza kioo kuwa kijivu. Kwenye iPhone ni ndani ya mipangilio ya ufikivu, sehemu ya vichujio vya rangi, na inaweza kuwekwa kwenye njia ya mkato ya kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu. Kwenye Android nyingi iko ndani ya hali ya wakati wa kulala. Ukurasa usiwe na vitufe vya "tufuate". Inashangaza ni kampeni ngapi za namna hii zinazomalizia kwa kuomba wafuasi.

Mitandaoni: usipunguze bango ukalitupia humo. Tengeneza upya, 1080 × 1350 kwa ukurasa wa kawaida na 1080 × 1920 kwa stori za wima, ukiacha pikseli 250 za juu na 340 za chini bila maandishi maana vitufe hukaa hapo. Wazo la paneli nane linafanya kazi vizuri kama picha za kutelezesha: saba za kijivu, ya nane "Mwisho". Mimi ningeweka paneli ya nane maneno "Sasa toka."

wino_haujakauka

Hapo kwenye saba za kijivu mitandaoni nakupinga. Kwenye korido mtu hana pa kupita, lazima azipite zote. Kwenye simu ataona moja ya kijivu, atadhani haijapakia, atavuka. Tatu zinatosha, na ya kwanza iwe na neno.

kona_ya_kulia

Nakubali. Tatu, na ya kwanza "Endelea."

rula_na_penseli

Kabla ya kuchapa, jaribu. Mwoneshe mtu mmoja mmoja rasimu kwa sekunde 5, ifiche, uliza: umeona nini, inakutaka ufanye nini, inamzungumzia nani? Watu 6 hadi 8 wa umri unaolengwa wanatosha kufichua kasoro kubwa. Jibu la swali la tatu ndilo la kulitegea sikio. Wakisema "watu waliozidisha", bango limeshindwa. Wakisema "mimi" au wakitabasamu na kuiweka simu chini, chapa.

Baada ya kubandika, "imependwa" si kipimo. Maktaba ni rahisi: saa zilezile tatu za siku, mtu anapita na kuhesabu meza zenye watu na meza ambazo simu imelala kioo kikiwa juu. Wiki moja kabla ya kadi, mbili zikiwepo, moja baada ya kuziondoa. Usihesabu wiki ya mitihani dhidi ya wiki ya kawaida, utajidanganya. Bwenini hesabu mifuko ambayo ina simu saa ya kuzima taa. Ukitaka saa za matumizi, omba wanaojitolea wakuandikie jumla ya wiki kutoka kwenye ripoti ya simu yenyewe. Usimwulize mtu akadirie, makadirio yetu ya jambo hili ni mabovu, na usiombe picha ya ripoti nzima, orodha ya programu za mtu ni siri yake.

Na tayarisha toleo la pili mapema. Baada ya wiki mbili tatu kadi inakuwa sehemu ya meza, hakuna anayeiona tena. Badili rangi ya kadi na neno, acha nukta: "HAIJAITA" ibadilike kuwa "BADO HAIJAITA."

nukta_nyekundu

Hiyo ya "bado" imenichekesha peke yangu. Swali la mwisho: paneli za korido zibandikwe kwa kutumia kitu gani? Ukuta umepakwa rangi ya mafuta.

wino_haujakauka

Usitumie utepe wa povu wa pande mbili, utang'oka na rangi. Tundika kila paneli kwa ubao mwembamba juu na chini, uzi mmoja, ndoano moja. Kituo cha paneli kiwe sentimita 150 kutoka sakafuni, na zipime zote kutoka sakafuni badala ya darini. Paneli nane zinazofanana zikipishana hata sentimita mbili, macho yataona mpishano huo kabla ya kitu kingine chochote.